Kutafakari si Kukariri: Namna ya Kufanya Mazoezi ya Majadiliano katika Masomo ya Jamii na Sanaa

1. Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi mmoja alikuwa akifundisha Vita vya Maji Maji katika Darasa la Sita wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa na daftari langu la ukaguzi. Andalio lake la somo lilikuwa safi, tarehe zake zilikuwa sahihi, na ramani iliyokuwa ubaoni ilichorwa kwa uangalifu. Somo lilipokaribia kwisha, mtoto mmoja aliyekaa karibu na dirisha alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, kumbe babu zetu walikuwa wajinga, hata wakaamini kwamba maji yatazuia risasi?" Darasa zima likanyamaza. Mwalimu akatazama saa yake, akajibu: "Kaa chini. Hilo haliulizwi katika mtihani."

Majuma mawili baadaye mwalimu yule aliandika zoezi la tafakuri juu ya somo hilo. Aliandika kurasa nne. Alieleza kwamba mtoto ndiye kiini cha elimu, kwamba kuwashirikisha wanafunzi ni jambo bora, na kwamba somo lake lilifaulu kwa kuwa malengo yote yalitimizwa. Yule mtoto wa dirishani hakutajwa hata kwa neno moja. Nami, niliyekuwapo na kusikia kwa masikio yangu, nilimpa alama za juu, kwa sababu insha ilikuwa na mpango mzuri na lugha fasaha. Kosa lilikuwa letu sote wawili.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo anayepewa mazoezi ya namna hii katika historia, fasihi, saikolojia, falsafa ya elimu na masomo mengine ya jamii. Kwa kawaida mwanachuo hutakiwa aandike ukurasa mmoja au miwili, ausome mbele ya kundi lake, kisha wenzake wamjibu. Wengi huliona jambo hili kuwa jepesi, kwa kuwa hakuna jibu moja lililo sahihi. Kwa kweli ni gumu kwa sababu hiyo hiyo.

2. Tafakuri ni nini?

Mwanafalsafa wa Marekani, John Dewey, katika kitabu chake How We Think cha mwaka 1910, alieleza kwamba kufikiri kwa tafakuri huanza pale mtu anapokwama. Jambo fulani halikubaliani na alivyotazamia. Hulazimika kusimama, kulichunguza, na kupima sababu kabla ya kuamua. Pasipo na mkwamo, hapana tafakuri. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kushika kalamu ni hili: Nilikwama wapi?

Yafaa kuitofautisha tafakuri na mambo matatu yanayofanana nayo. Kwanza, si muhtasari. Anayeeleza tu yaliyosemwa na kitabu ameonyesha kwamba amesoma, lakini hajaonyesha kwamba kusoma kwake kumebadili lolote. Pili, si toba. Anayeorodhesha makosa yake na kuahidi kutoyarudia bado hajaeleza kwa nini aliyatenda. Tatu, si hotuba. Maneno kama "elimu ni ufunguo wa maisha" hayana ubaya, ila hayamgharimu msemaji chochote, wala msikilizaji hapati la kujibu.

3. Swali moja katika masomo manne

Kila somo lina desturi yake juu ya kile kinachohesabiwa kuwa ushahidi. Mwanachuo anayetumia mtindo mmoja katika masomo yote hujikuta anapata alama nzuri hapa na mbaya pale bila ya kujua sababu. Tuchukue swali la yule mtoto, tulipitishe katika masomo manne.

(a) Historia. Hapa ushahidi ni maandishi na masimulizi ya waliokuwapo, na kazi ya tafakuri ni kuuliza: Nani anasema? Alikuwa upande gani? Vita vilianza mwezi wa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, vikaenea katika sehemu kubwa ya kusini, na havikwisha kabisa hadi 1907. Gavana wa Kijerumani wa wakati huo, Graf von Götzen, aliandika kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1909, akatilia uzito mkubwa waganga na imani zao. Mwaka 1968 G. C. K. Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu zilizokuwa na masimulizi ya wazee. Humo zinasikika habari za pamba ya kulazimishwa, viboko, na kazi isiyo na malipo ya haki. Hata hesabu ya waliokufa haikubaliani: Wajerumani walikadiria watu 75,000, naye Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya mashamba na akiba za chakula kuharibiwa. Anayesoma maelezo ya gavana peke yake huliona neno "wajinga" limekaribia ulimi. Anayesoma masimulizi ya wazee huanza kuuliza swali jingine: Watu wa makabila mengi, wasio na jeshi moja, wangeunganishwa na nini?

(b) Fasihi. Hapa ushahidi ni kazi yenyewe ya sanaa: maneno ya wahusika, matendo yao, na mpangilio wa matukio. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ilichapishwa mwaka 1969. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake si yule yule wa historia. Basi anayeandika, "Tamthilia inathibitisha kwamba Kinjeketile aliona mashaka juu ya maji," amechanganya masomo mawili. Lililo sahihi ni kuuliza: Kwa nini mtunzi amempa mhusika wake mashaka, kisha mwishoni akamfanya akatae kuyakana maji mbele ya Wajerumani? Tafakuri ya fasihi huongeza swali la pili: Na mimi nilipokuwa nasoma, nilitaka ayakane au nilitaka akatae? Kwa nini?

(c) Saikolojia. Hapa ushahidi ni yale uliyoyaona na kuyasikia kwa mtoto, yakiandikwa mbali na maoni yako. "Mtoto alikuwa mtundu" ni maoni. "Mtoto alinyosha mkono, akasimama, akauliza kwa sauti ya chini" ni uchunguzi. Jean Piaget wa Uswisi alikuwa akimimina maji mbele ya watoto kutoka katika gilasi pana na kuyatia katika gilasi nyembamba na ndefu. Mtoto wa miaka mitano aghalabu husema kwamba sasa maji yamezidi. Piaget hakumcheka, alitaka kujua ni fikra gani inayomfikisha mtoto kwenye jibu lile. Funzo lake kwetu ni kwamba jibu linaloonekana la kipumbavu huweza kuwa na sababu zake ndani. Mwalimu aliyelielewa jambo hilo kwa mtoto mdogo atapata njia ya kuwafundisha watoto wakubwa kulitumia kwa babu zao.

(d) Falsafa ya elimu. Hapa ushahidi ni hoja, nayo hupimwa kwa kuwekwa mbele ya hoja iliyo kinyume. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Machi 1967, Julius Nyerere alitaka elimu imjenge mtu awe na akili ya kudadisi, na alilalamikia uzito uliotiliwa mitihani. Ni rahisi kumhukumu mwalimu wetu kwa waraka huo. Lakini tafakuri ya haki itamsikiliza pia: yeye si aliyetunga mtihani, wazazi humpima kwa idadi ya wanaofaulu, na darasa lake limejaa. Je, kosa ni la mtu au la utaratibu? Nikisema ni la utaratibu, nimebakiwa na wajibu gani kesho asubuhi? Mwanachuo anayefikia hapo ameanza kufikiri.

4. Hatua za kuandika

Kwanza, soma swali la zoezi mara mbili na upige mstari chini ya kitenzi. "Eleza", "linganisha", "tathmini" na "tafakari" si amri moja. Pili, andika tukio moja au kifungu kimoja kilichokukwamisha, kwa sentensi tatu au nne zisizo na hukumu. Tatu, lete wazo moja kutoka katika masomo uliyosoma, uonyeshe linakufungulia nini na linakuficha nini. Nne, sema umebadili nini: neno, tendo, au dhana. Tano, malizia kwa jambo ambalo bado hulijui.

Nilimwita yule mwalimu mwanafunzi, nikamrudishia kurasa zake nne, nikamwuliza: "Yule mtoto wa dirishani yuko wapi humu?" Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mkufunzi, huyo namkumbuka kila siku." Nikamwomba aandike upya. Katika insha ya kwanza alikuwa ameandika hivi:

"Nimejifunza kwamba maswali ya wanafunzi ni muhimu sana. Kuanzia sasa nitawapa nafasi ya kutosha ya kuuliza."

Katika ile ya pili, kwa idhini yake, naandika hapa sehemu aliyoisoma mbele ya kundi:

"Mtoto aliuliza kama babu zetu walikuwa wajinga. Nilimwambia akae. Niliandika kwamba muda ulikuwa umekwisha, lakini dakika saba zilikuwa zimebaki. Nilimnyamazisha kwa sababu sikuwa na jibu, na nilichelea darasa litambue. Nilikuwa nimefundisha habari za maji bila ya kufundisha habari za pamba. Kwa hiyo swali lake lilitokana na somo langu mwenyewe. Nikipata nafasi tena, nitaliandika swali lile ubaoni tangu mwanzo, na watoto wasome maelezo mawili yanayopingana. Lakini bado sijui nitamjibu nini mtoto atakayesema kwamba babu yake alikuwa askari wa Wajerumani."

Insha hii ni fupi kuliko ile ya kwanza, na maneno yake si ya kupendeza sana. Hata hivyo kundi lilijadiliana juu ya sentensi yake ya mwisho hadi kengele ya chakula ilipolia.

5. Kumjibu mwenzako

Nusu ya zoezi ni kujibu, nayo ndiyo hupuuzwa zaidi. "Nakubaliana nawe, umeeleza vizuri" si jibu, ni salamu. Jibu lenye manufaa hufanya mojawapo ya mambo matatu: hutaja sentensi moja ya mwenzako na kuonyesha imekufikirisha nini, huleta ushahidi ambao yeye hakuwa nao, au humwuliza swali ambalo wewe mwenyewe hulijui jibu lake.

Katika malezi yetu kijana hafundishwi kumkatiza mkubwa, na katika kundi moja chuoni huweza kukaa kijana aliyetoka shule jana na mtu mzima aliyekwisha lea watoto. Heshima hiyo isivunjwe, wala isigeuzwe kuwa kimya. Mtu anaweza kusema, "Ndugu yangu, naomba nitofautiane nawe katika jambo moja," kisha akapinga hoja bila ya kumgusa mwenye hoja. Aidha, yanayosemwa juu ya watoto na shule za mazoezi yabaki kundini, na mtoto asitajwe kwa jina.

6. Hitimisho

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Mwanachuo aliyezoea kumrudishia mkufunzi maneno ambayo mkufunzi anapenda kuyasikia atawafundisha watoto wake desturi hiyo hiyo, hata kama hakusudii. Aliyezoea kusema mbele ya wenzake, "Hapa nilikwama," ataweza kumwambia mtoto wa Darasa la Sita, "Swali lako ni gumu, tulitafute jibu pamoja." Wakufunzi nasi tuache kutoa alama kwa mpango mzuri wa aya peke yake. Tuwatafute watoto walioachwa nje ya kurasa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kumbuka swali moja uliloulizwa na mwanafunzi nawe ukalikwepa. Liandike kama lilivyoulizwa. Uliogopa nini?
2. Chagua tukio moja la historia ya mahali unapotoka. Ni nani aliyekusimulia, na ni nani ambaye hujapata kumsikia?
3. "Hilo haliulizwi katika mtihani." Toa hoja ya kumtetea mwalimu aliyesema hivyo, kisha hoja ya kumpinga. Ni ipi iliyokuwia vigumu zaidi kuiandika, na kwa nini?
4. Wewe ungemjibu nini mtoto ambaye babu yake alikuwa askari wa Wajerumani?