Mfuniko wa Sufuria na Miti ya Msituni

Hifadhi ya mazingira aghalabu huzungumzwa kwa kuhesabu miti iliyopandwa. Ni jambo la kheri. Lakini mti ambao haukukatwa hauhitaji kumwagiliwa maji, na katika nchi ambamo nyumba nyingi bado hupikia kuni na mkaa, miti mingi yaweza kunusuriwa jikoni. Fizikia ya shule ya sekondari yatosha kuonyesha jinsi gani.

Tuanze na tanuri la mkaa. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyawasha ili yaungue polepole pasipo hewa ya kutosha. Katika tanuri la kawaida la udongo, kilo 100 za kuni hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya kilojuli 16,000 hivi, na kilo moja ya mkaa kilojuli 30,000 hivi. Mwanafunzi akizidisha ataona kwamba zaidi ya nusu ya nishati ya mti hupotea porini kabla gunia halijashonwa mdomo. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, jirani na Dar es Salaam, imeumia sana kwa biashara hiyo.

Sasa tuingie jikoni. Watu wengi hudhani kuwa maharage huiva upesi zaidi maji yakitokota kwa kishindo. Sivyo. Huku pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi, na yakishachemka, moto mkali hauyaongezei hata nyuzi moja. Kazi yake ni kuyageuza kuwa mvuke. Na mvuke una gharama kubwa. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji kilojuli 315. Kuigeuza lita hiyo hiyo yote kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260, yaani mara saba na zaidi.

Tuchukue jiko linalofikisha sufuriani robo ya joto la mkaa wake. Kwa kila lita inayopaa hewani, jiko hilo litateketeza mkaa wenye kilojuli 9,040, ambao ni gramu 300 hivi. Tanuri likiwa limetoa kilo 15 kwa kila 100, gramu hizo zilikuwa kilo 2 za kuni. Mpishi aliyeacha sufuria wazi, akaongeza maji mara mbili tatu kwa sababu yamekauka, amechoma mzigo wa kuni bila kuivisha chochote.

Basi maharage yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, na maji yakianza kuchemka mlango wa jiko uzibwe kiasi ili yatokote taratibu. Mpishi wa Mbeya, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, hupika kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo mfuniko humfaa kuliko mwenzake wa pwani. Makaa yanayosalia yafunikwe ndani ya debe lisilopitisha hewa, yazimike na kutumika kesho. Debe hilo likae nje: kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala.

Kwa darasa, jaribio ni rahisi. Pimeni sufuria yenye lita 2 za maji, ichemsheni wazi kwa dakika 30, kisha ipimeni tena. Rudieni kwa mfuniko na moto mdogo. Tofauti ya kilo izidishwe kwa 2,260, na kila mwanafunzi akadirie mkaa unaopotea nyumbani kwao kwa mwezi. Mizani ya dukani yafaa, ila sufuria ishikwe kwa kitambaa kikavu. Kilicholowa hupitisha joto upesi, na wengi wameungua hivyo.