Kuvu Hufa Jikoni, Sumu Hubaki

Wapo wanaoamini kwamba mahindi yaliyoota ukungu huwa salama yakishasagwa na kupikwa. Imani hiyo ni ya hatari. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kutokana na sumukuvu katika mahindi.

Kuvu hulaje?

Kuvu haina kinywa. Mwili wake ni nyuzi nyembamba kama za buibui, na kila seli imezungukwa na utando wenye mafuta. Kupitia utando huo, hasa kwenye ncha za nyuzi, kuvu humwaga nje vimeng'enya vinavyovunja wanga na mafuta ya punje, kisha hufyonza kilichovunjwa. Ndiyo maana karanga zilizoota ukungu huwa na ladha kali: mafuta yake yameharibiwa.

Hali inayoistawisha

Vimeng'enya huhitaji maji ili vifanye kazi. Punje ikiwa kavu, kuvu hukosa chakula. Joto nalo hugusa utando: baridi huukaza, na shughuli za kuvu hupungua bila kukoma. Aspergillus flavus, kuvu itengenezayo sumukuvu, hustawi zaidi kati ya nyuzijoto 25 na 35, yaani joto la ghala nyingi za nyumbani.

Moto wa jiko huharibu utando, na kuvu hufa. Lakini sumu iliyokwisha kuingia katika punje huhimili joto la kupikia. Kinga, basi, huanza kabla ya sufuria.

Tunawashauri watumiaji:

1. Kausheni nafaka juu ya turubai, si ardhini, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5.
2. Tikiseni punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu. Chumvi ikinata kwenye chupa, nafaka bado ni mbichi.
3. Wekeni magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta.
4. Ondoeni punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Msiwape ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Sumukuvu haionekani kwa macho wala haina harufu. Kuchambua hupunguza hatari; kukausha mapema huizuia kuvu isianze kazi yake.