Somo: Kocha Mgeni

Je, mgeni anaweza kuongoza timu ya taifa? Soma habari za Hervé Renard.

Renard ni Mfaransa. Alipoacha kucheza mpira alifanya kazi ya usafi. Aliamka kabla ya jogoo kuwika. Jioni alifundisha timu ndogo. Baadaye akawa kocha wa taifa la Zambia.

Mwaka 1993 ndege ya timu ya Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon. Watu wote 30 walikufa. Kati yao 18 walikuwa wachezaji.

Mwaka 2012 Zambia ilifika fainali ya Kombe la Afrika, mjini humo humo. Kabla ya mchezo Renard na wachezaji wake walikwenda pwani. Waliweka maua kuwakumbuka marehemu. Kisha waliishinda Ivory Coast kwa penalti 8 kwa 7.

Mwaka 2015 Renard alilitwaa kombe tena. Safari hii alikuwa kocha wa Ivory Coast!

Ukifanya kazi ugenini, jua kwanza msiba wa wenyeji.

Maswali
1. Renard alifanya kazi gani alipoacha kucheza?
2. Kwa nini walikwenda pwani?
3. Zungumzeni: Mgeni akija kufanya kazi kijijini kwenu, ajue nini kwanza?