Metanoli: pombe isiyonywewa

Wandugu wanamemba wa koperative,

Hapa Kolwezi bidoni tupu haikosi kazi. Tunainunua sokoni, tunaiosha, tunatia maji, mafuta ya mawese ao lutuku. Lakini tunajua ilibeba nini mbele?

Huenda ilibeba metanoli. Hii ni pombe ya kiwandani. Inayeyusha rangi na vanishi, inasaidia kutengeneza gundi ya mbao, na hata dizeli ya mafuta ya mimea. Kwa kazi hizo inafaa. Ila haina rangi, na harufu yake inafanana na ya pombe ya kunywa. Kuonja hakuonyeshi kitu.

Mahindi yakichachuka yanatoa metanoli kidogo sana. Vifo vya watu wengi kwa mara moja vinaletwa hasa na metanoli ya kiwandani, ikiongezwa ili pombe iwe kali na faida ipande. Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa. Uganda, Aprili 2010, waragi wa namna hiyo uliua makumi ya watu kule Kabale.

Mwilini, ini linageuza metanoli kuwa asidi fomiki, ambayo inaharibu mishipa ya macho. Mililita 10 tu, vijiko viwili vya chai, zinaweza kupofusha mtu. Na sumu haina haraka: mtu analewa, analala, anaamka. Mara nyingi ni baada ya saa 12 hadi 24 ndipo kichwa na tumbo vinauma, anatapika, anapumua mbiombio, anaona ukungu.

Tufanye hivi:

1. Bidoni isiyojulikana ilibeba nini, musitie chakula wala kinywaji. Kuiosha hakutoshi. Muitoboe.
2. Musiweke dawa ya shamba wala kemikali katika chupa ya bia ao ya maji.
3. Mwenye dalili hizo mumupeleke hospitali mara moja, hata akisema ni ulevi tu. Mumwambie munganga alikunywa nini, mupeleke na chupa. Waliokunywa naye waende pia, hata kama wanajisikia vizuri. Matibabu yapo, lakini yanasaidia zaidi yakianza mapema.

Katika mkutano ujao, muzungumze juu ya kununua bidoni mpya kwa pamoja. Bei yake tutagawana. Macho hayauzwi sokoni.