Swali na Jibu: Nafsi ya Ndani Ilianza Lini?

SWALI: Bwana Mhariri, je, Wayunani wa kale walijua kuwa mtu ana ulimwengu wake wa ndani, ama fikra hiyo ilizuka baadaye?

JIBU: Katika tenzi za Homer roho hutajwa hasa imtokapo mtu na kushuka kuzimu mfano wa kivuli, walakini shujaa wake Odysseus, alalapo ukumbini mwa nyumba yake mwenyewe akiwasikia wajakazi wakicheka wakienda kwa maadui zake, hujipiga kifua akaukemea moyo wake ustahimili, kana kwamba anamkanya mwenziwe. Kwa hiyo undani ulikuwapo, ila ulikuwa haujawa mahali pa kuingia na kukaa.

Baadaye mwanafalsafa Socrates, aliyeuawa mwaka 399 kabla ya Kristo, aliwahimiza watu wa Athens waitunze nafsi kuliko mali. Mwanafalsafa Plotinus, aliyefariki mwaka 270 baada ya Kristo, alifundisha kwamba ajirudiaye ndani huikuta Akili ya kiungu, ambayo ni ya wote na wala si milki ya mtu mmoja.

Augustine, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, ndiye, kwa rai yangu, aliyeugeuza undani huo kuwa faragha: katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake azunguka kumbukumbu zake kama azungukaye kasri kubwa, akikuta humo sauti, harufu, hata huzuni zilizopita, na bado Mungu amtafutaye yu juu ya kasri hilo. Msomaji atakaye kuanza, na aanze na kitabu hicho, kabla ya kuwaendea wafasiri wake.