Presha ya Oili katika Injini ya Mashua

Somo hili ni kwa mtu mwenye mashua ya injini ya dizeli, au aliyepewa kazi ya kuiendesha, katika ziwa la Nzilo karibu na Kolwezi, au huko chini Bukama, ambako mto Lualaba ukiisha kupita makorongo na maporomoko huanza kupitika kwa vyombo mpaka Kongolo. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na tangu siku zile samaki wakavu, mahindi na mihogo vimeletwa kwa maji mpaka relini. Ziwa la Nzilo ni la baadaye: lilitokea kwa sababu ya bwawa la umeme lililomalizika mwaka 1952. Pande zote mbili, mali ya mkulima na ya mvuvi hutegemea injini, na injini hutegemea oili.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Oili ni mafuta mazito ya kulainisha chuma. Mafuta ya kuwaka ndani ya injini ni dizeli, ambayo watu wengi wa Katanga huiita mazutu. Na zile injini ndogo za kufungwa nyuma ya mtumbwi, ambazo oili yake huchanganywa na petroli, hazina geji ya presha, wala somo hili haliwahusu wenye nazo.

Oili hukaa chini ya injini katika bakuli lake. Pampu huivuta kwa kupitia chujio la waya, huisukuma ndani ya filta, kisha katika vitundu vyembamba mpaka kwenye beringi za krenki. Hapo chuma hakigusi chuma, kwa maana katikati yake pana utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Watu wengi hudhani kwamba mshale wa geji ukiwa juu oili ni tele. Sivyo. Geji huonyesha jinsi oili inavyobanwa njiani. Beringi zikilika, nafasi hupanuka, oili hupita bila kizuizi, na mshale hushuka hata kama bakuli limejaa.

Injini nyingi za namna hii, zikiwa zimepata moto na ziko katika mwendo wa kazi, huonyesha bari 3 hadi 5. Katika mwendo wa polepole, kama bari 1. Bari 1 ni karibu sawa na kilo moja kwa sentimita moja ya mraba. Lakini mwamuzi ni kitabu cha mtengenezaji. Ikiwa huna kitabu, andika namba za injini yako wakati ingali nzima, ikiwa baridi na ikiwa moto, uzibandike karibu na usukani. Bila namba hizo utakuwa unabahatisha tu.

Sasa mshale ukishuka ghafula safarini, ufanye nini? Zima injini. Usiseme, "Nitafika kwanza pale kijijini." Beringi isiyo na oili yaweza kuyeyuka kabla hujafika, na krenki mpya huweza kugharimu kuliko shehena yote uliyobeba. Najua kwa nini madereva hawazimi: mashua imejaa watu na magunia, mkondo unavuta, na hakuna nanga. Kwa hiyo nanga yenye kamba ya kutosha, upondo na makasia ni vyombo vya injini sawasawa na spana. Asiye na nanga hana uhuru wa kuzima. Ila iko hali moja tu ya kuvunja amri hii: mashua ikichukuliwa kwenye mawe na watu wako hatarini, endesha polepole mpaka ukingoni, injini na ife. Uhai wa watu hauna spea.

Ukiisha kutia nanga, ngoja dakika kumi oili irudi bakulini, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia. Angalia mashua imelalaje. Ikiwa omo imepandishwa ufukoni, au magunia yamerundikwa yote tezi, oili hukimbilia upande mmoja na kijiti hudanganya. Jambo hilohilo hutokea safarini: mashua iliyokalia tezi kwa uzito huacha mdomo wa pampu ukivuta hewa, na mshale hucheza-cheza, hasa mawimbi yanapokuwa makubwa. Mara nyingine dawa ni kusogeza magunia kumi mbele na kuongeza lita moja ya oili, wala si kuita fundi.

Oili ikiwa pungufu, ongeza, kisha tafuta ilikokwenda: tazama maji yaliyo chini ya injini kama yana mafuta. Ikiwa imezidi alama, usifurahi! Oili haizai. Inuse. Ikinuka dizeli, basi dizeli inavuja ndani, pengine katika pampu ya kuletea dizeli, na imeifanya oili kuwa nyepesi. Dondosha tone juu ya karatasi nyeupe: dizeli hutambaa mbali ikafanya duara hafifu kuzunguka doa jeusi. Ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Katika hali hizi mbili usiwashe tena. Tafuta mashua ya kukuvuta.

Kijiti kikiwa sawa, shika injini kwa uangalifu: je, ina moto kupita desturi? Katika maziwa ya Kisale na Upemba mafunjo na majani huelea kila mahali, na huziba tundu la kuingizia maji ya kupoza. Injini ikipata moto kupita kiasi, oili huwa nyepesi kama maji na presha hushuka. Hapo ugonjwa si wa oili, ni wa majani. Safisha kichujio cha maji, acha injini ipoe, kisha jaribu tena. Mwenye kupita katika mafunjo na akitazame kichujio hicho kila anapotia nanga.

Kama yote haya ni mema, shuku geji yenyewe kabla ya kufungua injini. Waya wenye kutu waweza kusema uongo. Fundi na afunge geji nyingine ya mkono mahali pa kipimo, asome. Ikionyesha presha njema, umeponea gharama kubwa. Ikionyesha presha hafifu, na afungue valvu ya kupunguza presha, kwa maana uchafu mdogo tu huweza kuizuia isifunge. Kisha chujio la waya lililomo bakulini, ambalo huzibwa na masizi mazito ya oili iliyokaa mno. Mwisho ndipo pampu na beringi. Dalili ya beringi zilizolika ni hii: asubuhi presha ni nzuri, mchana ikiwa moto hushuka katika mwendo wa polepole, na mara nyingine kuna mgongo wa chuma chini. Wako wanaotia oili nzito zaidi ili mshale upande. Mshale utapanda, beringi zitaendelea kulika, na mnunuzi wa injini hiyo atakuwa amedhulumiwa.

Presha ikizidi, nayo ni neno. Kolwezi katika Juni na Julai asubuhi huwa na baridi kali, na oili ya namba 40 peke yake huwa nzito. Mshale utaruka juu sana, hata filta yaweza kupasuka. Usikanyage mwendo mpaka ipate joto. Oili ya 15W-40, kitabu kikiikubali, hufaa zaidi baridi hiyo.

Unapobadili oili, badili filta pia. Filta ikiwa imesimama wima, ijaze oili safi kabla ya kuifunga. Kisha washa, usitazame kitu kingine ila geji. Mshale usipoinuka katika sekunde kumi, zima.