Dramu za Rock Band: mbona anapiga sawa na anakosa?

SWALI: Mwanangu anacheza Rock Band 3 kwa seti ya dramu ya mtumba. Anapiga sambamba na muziki, lakini mchezo unamhesabia makosa. Seti ni mbovu?

JIBU: Angalia kwanza makosa yanatokea wapi. Yakiwa kwenye pedi moja tu, kagua kihisio kilicho chini ya mpira wa pedi hiyo, pamoja na waya wake. Yakiwa kwenye pedi zote nne na pedali, mimi ningeishuku televisheni.

Televisheni bapa huichakata picha kabla ya kuionyesha, na sauti nayo huweza kuchelewa njiani, hasa ikipitia spika za nje. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125 tu. Televisheni ikichelewesha milisekunde 80, zaidi ya nusu ya nafasi hiyo imekwisha. Mtoto anafuata anachokisikia, mchezo umeshatangulia.

Iweke televisheni kwenye hali ya michezo, kisha ingia kwenye mipangilio ya mchezo na upime ucheleweshaji wa picha na wa sauti, kila kimoja peke yake. Wengi hurekebisha picha, wakaisahau sauti, ilhali mpiga dramu huongozwa na sikio. Ukibadili televisheni au spika, pima upya.

Tafadhali usimwambie mtoto hana mdundo kabla hujafanya vipimo hivi.